Hivi kweli mtu anaweza kukosa chuo kwa sababu ya herufi moja? Tuongelee makosa ya spelingi kwenye maombi

#1 Msomi Mchanga
Wakuu habari zenu. Nina jambo limenikaa rohoni tangu juzi. Mdogo wangu wa kike aliniomba nimpitishie barua yake ya kuomba chuo, nikaisoma mara mbili nzima, nikamwambia iko poa tuma. Akatuma. Jana usiku nimeifungua tena tu basi nione ilivyokaa, macho yakatua kwenye mstari wa pili: "naomba kujiunga na chuo chako kwa AJIRI ya masomo ya uuguzi". Nikashuka chini nakuta "nipo tayari kusoma MAHARI popote nitakapopangiwa". Yaani kwenye ukurasa mmoja ajili imekuwa ajiri, mahali imekuwa mahari, na mimi ninayejiita msomaji nimepita juu yake mara mbili kama siyaoni.
Dogo amelia, anasema nafasi imeenda. Sasa nina maswali mawili. Kwanza, wale wanaopokea maombi wanamkata mtu kweli kwa hili? Pili, na hili ndo linaniumiza zaidi, mimi niliyasomaje bila kuyaona? Nyie mnakaguaje? Karibuni.

#2 Jongoo Mpole
Mahari popote 😂😂 pole mkuu nimecheka lakini pole. Hao wanaosoma watadhani binti anatafuta mchumba sio chuo. Akaushe machozi, hajaua mtu.

#3 Kalamu Nyekundu
Msomi Mchanga mpe pole mdogo wako na umwambie atulie. Nimekaa dawati la udahili miaka sita, sasa nimetoka, nasema nilichokiona kwa macho yangu. Sijawahi kuona mtu anakatwa kwa ajiri na ajili. Mtu akiwa na sifa za kozi ana sifa, barua inasomwa baada ya alama. Ila kuna makosa ya herufi moja ambayo yanaua kabisa na hayahusu ufasaha wa lugha, na watu hawayakagui kwa sababu wanaona ni sehemu rahisi ya fomu: jina, namba ya mtihani na barua pepe.
Nitoe mfano mmoja ambao mpaka leo ukinijia nakosa raha. Kijana alama zake nzuri kabisa, alichaguliwa raundi ya kwanza. Kwenye fomu sehemu ya barua pepe aliandika mwisho ".con" badala ya ".com". Tunatuma barua inarudi. Tunapiga simu namba haipatikani, nadhani alibadilisha laini. Tarehe ya kuthibitisha ikapita nafasi ikaenda kwa mwingine. Alikuja mwenyewe masomo yameshaanza, ana karatasi mkononi ya ile fomu yake, ananiambia mbona sikupata majibu. Nikamwekea kidole pale kwenye n. Aliiangalia muda mrefu sana hakusema kitu.
Kwa hiyo mdau ukimaliza kukagua insha yako yenye maneno magumu, rudi kwenye vile vibox vidogo, soma herufi moja moja kwa kidole.

#4 Nahodha wa Mto
Kalamu Nyekundu kwa sehemu nakubari na wewe ila usiwape watu moyo kupita kiasi. Inategemea kozi. Mtu anaomba ualimu wa lugha, sheria au uandishi wa habari halafu barua imejaa makosa, hapo yule anayesoma anajiuliza huyu atakuja kuandika nini. Waombaji wawili wakilingana kila kitu na nafasi ni moja, kitu kidogo ndo kinaamua. Mimi nilikaa kwenye jopo la usaili wa ufadhili na barua chafu ilikuwa inatuchosha kabla hatujafika katikati, hata kama hukusudii kumhukumu mtu unajikuta umeshaanza kumhukumu.

#5 Jongoo Mpole
Nahodha "nakubari" 👀 unakubaLi mkuu. Uzi wenyewe ndo unahusu hayo bana.

#6 Nahodha wa Mto
😅 Dah. Naiacha bila kuedit iwe ushahidi. Na nimesoma kabla ya kutuma jamani.

#7 Fundi Kompyuta
Mnamwonea bure Nahodha, mchawi ni simu. Watu wengi sa hivi wanajaza maombi kwenye simu, na kibodi ya simu imewekwa lugha ya Kiingereza, sasa unaandika Kiswahili yenyewe inakusahihisha kwenda Kiingereza. Yangu ilikuwa kila nikiandika "kama" inanipa "karma". Unaandika haraka, macho yako kwenye vidole, huoni kilichobadilika juu. Halafu kinyume chake pia kipo, mistari myekundu inajaa chini ya kila neno la Kiswahili kwa sababu programu hailijui, basi mtu anazoea kuipuuza yote, na lile moja lililokosewa kweli linapita humo humo.
Nenda seting, ongeza Kiswahili kwenye kibodi, na usahihishaji wa yenyewe uzime kabisa wakati unajaza fomu. Afu insha usiandike moja kwa moja kwenye boksi la tovuti, andika pembeni ukague ndo unabandika.

#8 Bint Saidi
Fundi simu haijamfanya mtu aandike ajiri, hebu tuwe wakweli. Ajiri ni neno halali la Kiswahili, hata programu ingekuwa na Kiswahili fasaha isingeweka mstari. Mahari vilevile. Tatizo tunaandika tunavyotamka. Wengi wetu lugha ya nyumbani haitenganishi l na r, ukikua unasema kufauru na kujiendereza na mkono unafuata mdomo. Mwingine shida yake ni h, anaandika "nimeitimu" na "nimeudhulia", na huyo huyo anaweka h pasipotakiwa, "hidara ya afya", "hasante". Mwingine dh, th na z: "tafazali", "mazumuni", au anajitahidi kupita kiasi anaandika "adhma yangu" wakati ni azma.
Mimi mwenyewe niliandika nimeitimu mpaka mwaka wa pili chuoni. Hakuna aliyewahi kuniambia! Siku moja mwalimu akaniita pembeni, hakunisema mbele ya watu, akaniambia hilo neno lina h mwanzoni, sema mwenyewe "hitimu". Nikasema itimu. Akarudia, nikasema itimu. Tulisimama pale koridoni mpaka nikaisikia. Namshukuru mpaka leo. Kwa hiyo dawa ni kila mtu kujua ugonjwa wake. Andika orodha yako, mimi yangu ni maneno ya h tu, nikimaliza barua natafuta hayo peke yake.

#9 Mtoto wa Mwalimu
Nyie mnajisumbua. Kuna utafiti wa chuo cha Cambridge ulionyesha ubongo hausomi herufi moja moja, ikiwa ya kwanza na ya mwisho ziko mahali pake katikati hata ukizichanganya mtu anasoma vizuri tu. Ndo maana Msomi hakuona. Na huyo afisa wa udahili naye hataona.

#10 Mzee wa Kamusi
Mtoto wa Mwalimu, mwanangu, huo ujumbe umezunguka kwenye barua pepe tangu 2003 na huo utafiti Cambridge haukufanyika. Watafiti wa lugha na ubongo waliokuwepo huko huko Cambridge ndio waliohangaika kutafuta ulitoka wapi. Kitu cha karibu kilichopatikana ni tasnifu ya Graham Rawlinson, chuo cha Nottingham, mwaka 1976, nayo haikusema mambo kwa ujumla hivyo. Ule ujumbe wenyewe ulikuwa na maneno mafupi na herufi zimesogezwa kidogo tu ndiyo maana ulisomeka.
Chukua neno letu moja uone. Hubtkamawsuuaa. Ya kwanza h, ya mwisho a, zote zipo. Lisome.

#11 Jongoo Mpole
Nimekaa nalo dakika tano mzee. Hubt nini??

#12 Mzee wa Kamusi
Ni "hawatakusumbua". Neno la Kiswahili linabeba mtenda, wakati, mtendwa na kitendo humo humo ndani, ukivuruga katikati umevuruga sentensi nzima. Na ndiyo sababu herufi moja kwetu ina uzito mkubwa. "Nilimsoma" na "nilisoma" hazitofautiani kwa bahati mbaya.

#13 Mtoto wa Mwalimu
Shikamoo mzee, nimekubali kuhusu Cambridge. Ila bado swali la Msomi halijajibiwa, kwa nini hakuona?

#14 Bibi Mhariri
Ngoja nijaribu hilo maana ndo kazi yangu inayoniweka mjini, nasahihisha maandishi ya watu. Macho hayatembei juu ya mstari kama mkono unavyofuta vumbi, yanaruka na kutua, yanaruka na kutua, na kati ya mruko na mruko akili inajaza yenyewe kutokana na maana. Kadiri unavyoijua maana mapema ndivyo inavyojaza zaidi. Aliyeandika anajua alichotaka kusema, kwa hiyo anasoma kilichoko kichwani sio kilichoko kwenye karatasi. Na Msomi naye inawezekana kabisa alishamsikia mdogo wake akiieleza ile barua kwa mdomo kabla hajaisoma, au mkuu nakosea?
Ndio maana ninachofanya ni kuivunja ile maana. Nabadilisha mwandiko na ukubwa wa herufi, nachapisha karatasi, halafu naanza sentensi ya mwisho napanda juu mpaka ya kwanza. Ukisoma kinyume hadithi inakufa unabaki na maneno. Na lazima ilale usiku mmoja. Barua niliyoiandika leo siwezi kuikagua leo, nina miaka mingi kwenye hii kazi na bado siwezi.

#15 Msomi Mchanga
Bibi Mhariri hujakosea hata kidogo. Alinisomea kwa sauti kwenye simu kabla hajanitumia. Na mimi na yeye l na r zetu ni hizo hizo, tumelelewa nyumba moja. Kumbe hata nisingeisikia nisingeiona.

#16 Bint Saidi
Ndo hapo sasa, kwa hiyo tumerudi kwangu, ni matamshi 😊

#17 Fundi Kompyuta
Tumerudi kwenye yote mawili. Simu inaweza kusoma kwa sauti lakini, weka ile sauti ya kusomea maandishi, yenyewe haina lugha ya nyumbani, inatamka kilichoandikwa tu. Ikisema mahari utashtuka.

#18 Nahodha wa Mto
Tusisahau na Kiingereza maana fomu nyingi za vyuo ziko kwa Kiingereza. Ninayoyaona kila mwaka ni yale yale: "recieve", "seperate", "accomodation", "goverment", "enviroment". Hayo kompyuta inayakamata. Yanayopita ni yale ambayo ni maneno kamili. "Dear Sir, I wish to join your collage", hiyo collage ni picha zilizobandikwa pamoja. "The Principle" badala ya Principal, unamwandikia mkuu wa chuo unamwita kanuni. "Manger" badala ya manager, ni hori la kulishia mifugo. Na nyie mnaoomba afya ya jamii kwa Kiingereza, nawaomba kwa heshima zote hakikisheni neno public lina l.

#19 Jongoo Mpole
Likikosa l inakuwaje

#20 Nahodha wa Mto
Angalia kamusi ukiwa peke yako.

#21 Mtoto wa Mwalimu
Kuna kanuni tulifundishwa shuleni, i kabla ya e isipokuwa baada ya c. Ukiishika hiyo receive huikosei tena.

#22 Mzee wa Kamusi
Inasaidia kwa receive na deceive, lakini itakuangusha kwenye weird na seize ambako hakuna c kabisa, na kwenye science na species ambako c ipo na i bado imetangulia. Kiingereza spelingi yake iliganda wakati matamshi yanaendelea kutembea. William Caxton alileta uchapaji Uingereza mwaka 1476, wachapaji wakaanza kuzizoeza karatasi mwandiko fulani, huku watu wanaendelea kubadilisha irabu midomoni. Wengine wakaongeza herufi makusudi, ile b ya debt iliwekwa ili ifanane na Kilatini, haijawahi kutamkwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kijana akikosea Kiingereza asijione mjinga, neno lenyewe halimsaidii. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, hapo kidogo tunadaiwa.

#23 Safari Ndefu
Niongeze kwa wanaoomba nje. Chagua spelingi moja ukae nayo. Marekani wanaandika color, program, center, color na center Noah Webster alizisukuma sana kwenye kamusi yake ya 1828, Uingereza colour, programme, centre. Zote ni sahihi, kinachokera ni kuchanganya ndani ya aya moja. Ile fomu ya Common App ya Marekani insha kuu haizidi maneno 650 na insha hiyo hiyo inakwenda vyuo vingi, sasa mtu anataja chuo kimoja ndani yake halafu inakwenda kwa vyote. Hilo sio kosa la spelingi lakini linauma kuliko spelingi. Kabla ya kutuma tafuta jina la kila chuo kingine ulichoomba ndani ya faili lako, lisitokee hata moja. Mimi lilitokea. Chuo nilichokitaka kuliko vyote kilipokea insha inayokisifia chuo kingine kwa jina, na nililigundua asubuhi baada ya kutuma, nikakaa kitandani na simu mkononi bila kuamka.

#24 Mwana Mtandao
Jamani mwaka huu mtu bado anakagua kwa macho? Weka kwenye hizi programu za akili bandia inasahihisha yote kwa sekunde.

#25 Bibi Mhariri
Mwana Mtandao nimeona kazi zake. Inasahihisha herufi ndiyo, lakini ukiiambia "nisahihishie" inakuandikia upya, inakutoa wewe inaweka mtu mwingine. Binti mmoja aliniletea insha yake, aya ya kwanza alieleza alivyokuwa anamsomea bibi yake dozi kwenye pakiti za dawa kwa sababu bibi haoni vizuri, imeandikwa kawaida tu ina makosa matatu, nzuri mno. Ya pili aliyopewa na programu haina kosa hata moja na bibi hayupo, kuna "shauku ya kuihudumia jamii". Nikamwambia rudisha bibi. Ukiitumia iambie ionyeshe makosa tu isiguse sentensi, urekebishe kwa mkono wako. Na usome kwanza masharti ya chuo, vipo visivyoruhusu.

#26 Mwana Mtandao
Hapo kwenye masharti sikuwa najua, asante. Ila kwa herufi bado naiamini kuliko macho yangu.

#27 Mama Wawili
Samahani naingia kwa upande mwingine. Humu kila mtu anasema uvivu, haraka, simu, matamshi. Mwanangu wa kwanza ana disleksia, ile hali inayofanya kusoma na kuandika maneno kuwe kugumu. Anaandika neno moja mara tatu kwenye ukurasa mmoja kwa spelingi tatu, na ana akili ya hesabu ambayo sijui aliitoa wapi. Miaka yote aliambiwa hajali. Alipokuwa anaomba chuo tulikaa mezani mimi namsomea neno kwa neno yeye anarekebisha, ukurasa mmoja ulituchukua jioni nzima, na hakuna siku nimeona mtu anajali kama ile. Vyuo vingi vina sehemu ya kutaja hali kama hiyo kwenye fomu na kuomba msaada, mfano muda wa ziada kwenye mitihani. Wazazi msiwafiche watoto, jazeni.

#28 Kalamu Nyekundu
Mama Wawili asante sana kwa hili. Nathibitisha, ile sehemu wengi huiacha wazi kwa kuogopa kukatwa. Kwetu ilikuwa inaenda kwa ofisi inayopanga msaada tu.

#29 Dada wa Vyeti
Mimi langu ni jina. Cheti cha kuzaliwa jina langu lina h, cheti cha shule halina. Kwenye fomu nikaandika lenye h maana ndo sahihi. Mfumo ukanikataa, eti taarifa hazilingani. Nifanyeje, niandike jina lililokosewa?

#30 Fundi Kompyuta
Andika lililo sahihi dada, ni jina lako.

#31 Kalamu Nyekundu
Hapana Fundi, hapo utampoteza. Mfumo unalinganisha na matokeo ya mtihani, haujui jina sahihi ni lipi, unajua yanafanana au hayafanani. Dada, fomu ya maombi andika herufi kwa herufi kama ilivyo kwenye cheti cha mtihani unachoombea, hata kama kimekosewa. Kulinganisha hivyo vyeti viwili ni safari nyingine, anza kwa waliotoa cheti, uliza utaratibu wao wa marekebisho au kiapo cha majina, na uanze mapema maana hiyo haiishi kwa siku moja. Na kwenye namba ya mtihani angalieni sifuri na herufi O, zinafanana mno kwenye simu.

#32 Fundi Kompyuta
Sawa nimerekebishwa, nakubali.

#33 Bint Saidi
Turudi kwenye barua. Mstari wa mwisho, "nimeambatanisha vyeti vyangu" au "nimeambatisha"?

#34 Mzee wa Kamusi
Ambatisha. Unabandika kitu kwenye kitu. Ambatanisha ni kuviweka viwili viende pamoja.

#35 Nahodha wa Mto
Mzee kwa heshima, barua zote za ofisi nilizopokea maishani zimeandikwa nimeambatanisha. Na vyeti na barua si vinakwenda pamoja?

#36 Mzee wa Kamusi
Wingi wa waandikao hauniyumbishi. Mwaka 1631 wachapaji wa mfalme London walitoa Biblia nzima, kwenye amri ya uzinzi wakaruka neno "not", ikawa watu wanaamriwa kuzini. Walitozwa faini ya pauni 300. Nao walikuwa na wasahihishaji.

#37 Jongoo Mpole
Dogo wa Msomi sasa ajione ana nafuu 😂

#38 Bibi Mhariri
Ambatanisha haimnyimi mtu chuo, iacheni. Inayonisumbua mimi ni kutenganisha: "nina omba", "sija wahi", "ana weza". Na kuunganisha: "kwasababu", "kwaajili". Hayo hayasikiki ukisoma kwa sauti, lazima uyaone.

#39 Msomi Mchanga
Nimerudi wakuu. Nilitaka tuwaandikie chuo barua ya kuomba radhi kwa yale makosa, mnashauri?

#40 Kalamu Nyekundu
Usifanye hivyo. Ukiomba radhi kwa ajiri utawaonyesha ambacho hawakukiona. Ingekuwa jina, namba au barua pepe ningekwambia andika leo hii, mistari miwili, weka namba ya ombi, sema kilichokosewa na kilicho sahihi. Hilo la herufi za barua mwache.

#41 Nahodha wa Mto
Mimi ningeomba radhi. Inaonyesha mtu anajali.

#42 Msomi Mchanga
Basi tumeamua kuacha. Ila barua pepe tumeikagua, ni .com, tumeisoma kwa kidole wote wawili. Leo anaandika ya chuo cha pili, kachapisha karatasi, anasoma kutoka chini kwenda juu, na simu inamsomea. Ameshakamata "kufauru" mbili na "sija wahi" moja, na kila akikamata ananipigia kelele kutoka chumba cha pili. Sasa ananiuliza juu pale ni "Yah:" au "YAH:" au "KUH:", nimwambie ipi?

#43 Mzee wa Kamusi
Kuh, kutoka kuhusu.

#44 Nahodha wa Mto
Yah. Yahusu. Zote zimo kwenye barua za ofisi mzee.

#45 Bint Saidi
Haya mmeanza tena.